Wenyeji wa Kale: Wakristo wa Nchi za Kiarabu katika Jumba la Paris

Mtu wa mwambao atamkapo kanisa, kasisi, msalaba au Injili, aghalabu hafikiri kwamba maneno hayo, kabla ya kutua katika ulimi wake, yalikwisha kusafiri masafa ya karne nyingi. Maana wamisionari wa karne ya 19, walipotaka kuiandika dini yao kwa Kiswahili, waliyachota katika hazina ya Kiarabu, na Waarabu nao walikuwa wameyapokea mengi yake kwa Wakristo wa Shamu na Iraki waliosema Kiaramu, ambao kwao kasisi alikuwa mzee wa watu na kanisa lilikuwa mkusanyiko. Padri ni neno la Mreno. Kasisi ni neno la Mashariki.

Nasaba hiyo ndiyo iliyotandazwa mbele ya macho ya watu katika Taasisi ya Ulimwengu wa Kiarabu mjini Paris, tangu Septemba 2017 hata Januari 2018, katika maonyesho ya miaka 2,000 ya Wakristo wa Mashariki, yaliyofunguliwa na Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa pamoja na Rais Michel Aoun wa Lebanoni, kisha yakahamia Tourcoing. Jumba lenyewe, lililo kando ya mto Seine, lina ukuta wa kioo na chuma uliofanyizwa kwa mfano wa mashrabiya, yale madirisha ya kimia ya nyumba za Kairo. Kuwaweka Wakristo hao humo, wala si katika jumba la sanaa za kanisa, kulikuwa hukumu ya haki, kwani walitambuliwa kuwa wenye nyumba.

Katika yote yaliyowekwa, hakuna kilichostahili kutazamwa kwa taadhima kuliko vipande vya michoro ya Dura-Europos, mji wa ngome uliokuwa juu ya mto Frati nchini Siria, ambako katika nusu ya kwanza ya karne ya 3 Wakristo waligeuza nyumba ya kukaa watu ikawa mahali pa ibada, wakatenga chumba cha ubatizo, na ukutani wakamchora mchungaji na kondoo wake, aliyepooza akijitwika kitanda chake, na wanawake wakiliendea kaburi. Mji ulipohusuriwa na Waajemi, askari wa Kirumi waliijaza udongo njia iliyoambaa na boma pamoja na nyumba zilizopakana nalo, ili ukuta upate nguvu. Mwaka 256 mji ukaanguka, watu wakatoweka, lakini udongo ule ule ulioshindwa kuwalinda wenyeji ukailinda rangi hata wachimbaji walipoifikia katika miaka ya 1930. Wakati michoro hiyo ilipotiwa rangi, Kaisari Konstantino alikuwa hajazaliwa.

Palikuwapo pia Injili za Rabbula, kitabu cha Kisiria kilichokamilika mwaka 586, chenye mojawapo ya picha za kale kabisa za kusulubiwa zilizomo katika vitabu. Kufikia wakati huo umma wa Wakristo wa Mashariki ulikuwa umekwisha kugawanyika, hasa baada ya Mtaguso wa Kalkedonia wa mwaka 451, kila kundi likashika njia yake.

Uislamu ulipokuja, Wakristo hao walitozwa kodi ya jizya na kuwekewa mipaka, na si haki kulificha jambo hilo. Wala si haki kuficha kwamba waliingia katika Kiarabu kwa moyo wote, wakasali na kubishana kwacho. Hunayn ibn Ishaq, Mkristo wa mji wa Hira nchini Iraki aliyezaliwa mwaka 809, aliyekuwa tabibu wa makhalifa mjini Baghdad, aliandika kwamba kitabu kimoja cha Galen, tabibu wa Wayunani, alikitafuta Mesopotamia, Shamu, Palestina na Misri hata akafika Iskandaria, asipate ila karibu nusu yake huko Dameski. Tiba ya Wayunani ilifika kwa Waarabu kwa miguu ya watu wa namna hiyo. Nami huona uchungu kila nisikiapo Uarabu na Uislamu vikitajwa kana kwamba ni kitu kimoja, hali kamusi kubwa ya Kiarabu ya karne ya 19, Muhit al-Muhit, ni kazi ya Butrus al-Bustani, Mkristo wa Lebanoni, na gazeti la Al-Ahram la Misri lilianzishwa na ndugu wawili Wakristo wa ukoo wa Taqla.

Hata katika zama zetu, mwezi Julai 2014, mjini Mosul nchini Iraki, uliokuwa umetekwa na kundi lililojiita Dola la Kiislamu, herufi nun iliandikwa katika kuta za nyumba za Wakristo: nun ya Nasara, yaani Wakristo, jina ambalo hata wazee wetu wa pwani wanalijua. Wenye nyumba wakapewa amri ya kusilimu, kulipa jizya, kuhama au kufa, wakahama. Mwezi uliofuata, wavamizi walipoukaribia mji wa Qaraqosh, mtawa Mdominiko Najeeb Michaeel alipakia magarini maandiko ya kale aliyokuwa ameyahamisha kutoka Mosul miaka ya nyuma, na usiku ule wa kukimbia kuelekea Erbil wakimbizi waliokuwa njiani wakamsaidia kuyabeba, wakiwa hawajui watalala wapi. Januari 2019 aliwekwa wakfu kuwa Askofu Mkuu wa Wakaldayo wa Mosul, akarudi katika mji ambao kuta zake zilikuwa zimeandikwa herufi ile.