Krak des Chevaliers: Kuta Imara, Ghala Tupu

Tarehe 8 Aprili 1271, walinzi wa Krak des Chevaliers, magharibi mwa Siria, walisalimu amri wakaruhusiwa kwenda zao Tripoli wakiwa hai. Mzingiro wa Baybars, sultani wa Misri, haukufika hata wiki sita. Wasimulizi hupenda kutaja barua ya kughushi iliyowaamuru wajisalimishe. Hila hiyo inanoga, lakini haitoshi kueleza kisa. Sultani Salahuddin mwenyewe aliifikia ngome hii mwaka 1188, akaitazama, akaiacha.

Kwa nini basi ilianguka upesi hivyo? Jibu halimo kutani, limo mashambani. Krak ililinda njia ya Homs, inayounganisha pwani na bara. Mwaka 1142 Raymond wa Pili, mtawala wa Tripoli, aliikabidhi kwa Utawa wa Hospitali wa Mtakatifu Yohane, watawa waliobeba panga, pamoja na ardhi iliyoizunguka. Ardhi ndiyo iliyolisha ngome. Mazao, kodi za vijiji na fedha ambazo majirani Waislamu, wakiwemo Waismaili wa milimani, walitoa ili waachwe kwa amani ndizo zilizojenga upya kuta zilizobomolewa na tetemeko la 1170, na kuweka humo walinzi wapatao 2,000 mwanzoni mwa karne ya 13.

Baybars aliijua hesabu hiyo vizuri kuliko wengi wanaomsifu kwa manati zake. Aliwazuia Waismaili wasilipe tena. Mavamizi yake yalimaliza mifugo na mazao, wakulima wakahama. Mwaka 1268, mji wa Antiokia ulipoanguka mikononi mwa Baybars, mkuu wa utawa, Hugues de Revel, alilalamika kwamba wamebaki watawa wapiganaji 300 tu katika nchi zao zote za mashariki. Kuta zilizopangiwa maelfu zilikuwa zikilindwa na wachache. Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa, aliyekuwa akiongoza vita vya msalaba, alipofia Tunis mwaka 1270, tumaini la msaada wa karibu likafa naye, na miezi michache baadaye sultani akawa langoni.

Baybars aliikarabati ngome, na kanisa lake likawa msikiti. Ila Akka, ngome kuu ya mwisho ya Wakristo pwani, ilipotekwa mwaka 1291, hapakuwa tena na mpaka wa kulindwa. Jeshi likaondoka polepole, wakulima wakajenga nyumba ndani ya kuta. Wakaishi humo hadi Wafaransa, waliotawala Siria wakati huo, walipowahamisha katika miaka ya 1930 ili jengo lihifadhiwe.