Kabla hujaamua mkaa, gesi au umeme, piga hesabu ya jiko pamoja na ya hospitali

Mama mmoja mkazi wa Mbagala alimleta kwangu mtoto wake wa miezi 14 akiwa anapumua haraka, mbavu zikizama ndani kila anapovuta hewa. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja mtoto huyo kuugua nimonia. Chanjo zake zilikuwa kamili, alikuwa bado ananyonya na uzito wake haukuwa mbaya. Nikamuuliza mama anapikia nini nyumbani.

“Mkaa, daktari,” akajibu. “Gesi ninayo, ila mtungi uko uvunguni mwa kitanda. Uliisha tangu Ramadhani, sijapata hela ya kujaza.”

Mama huyu huamka saa 10 alfajiri kukaanga vitumbua vya kuuza. Mtoto huwa mgongoni, kwa sababu akimwacha ndani analia na kuwaamsha wapangaji wenzake. Mchana anapika kwenye jiko hilohilo, na mvua ikinyesha analiingiza kwenye korido. Nilipomweleza kuhusu moshi hakubisha. Aliniuliza swali moja tu: “Nikiacha mkaa, hela itatosha?”

Ni swali la haki, na sisi madaktari mara nyingi tunalikwepa. Tunasema “acheni mkaa” kana kwamba gesi inagawiwa bure. Leo ndugu msomaji tulijibu kwa hesabu.

Moshi unafanya nini mwilini

Moshi wa kuni na mkaa una chembe ndogo sana zinazopita puani na kufika hadi ndani kabisa ya mapafu. Huko huchubua njia ya hewa na kudhoofisha ulinzi wa mwili dhidi ya vijidudu. Mtoto anayeishi kwenye moshi wa jikoni ana hatari ya kupata nimonia karibu mara mbili ya yule asiyevuta moshi huo. Kwa watu wazima, hasa wanawake waliopika kwa kuni miaka mingi, moshi huchangia ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, magonjwa ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano.

Mkaa una hatari nyingine ambayo haionekani. Ukishakolea na kuwa mwekundu moshi hupungua, na wengi hudhani sasa ni salama kuuingiza ndani. Hapo ndipo unapotoa kwa wingi hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Kila msimu wa baridi, hasa mikoa kama Njombe, Mbeya na Iringa, zipo familia zinazolala na jiko la mkaa chumbani ili kupata joto. Tafadhali msifanye hivyo, hata kama dirisha liko wazi kidogo. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwapata watu wawili au watatu ndani ya chumba kimoja, tokeni nje wote mara moja na muende hospitali.

Hesabu ya mama wa vitumbua

Nilichukua karatasi tukapiga hesabu pamoja, kwa bei za mtaani kwake. Kwa chakula cha nyumbani pekee, bila vitumbua, alikuwa ananunua mkaa wa shilingi 2,000 kila siku. Kwa mwezi ni shilingi 60,000. Alishtuka, kwa kuwa hajawahi kuishika shilingi 60,000 ya mkaa mkononi kwa pamoja.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 alikuwa akijaza kwa shilingi 24,000, na alipoutumia kwa chakula cha nyumbani tu ulimfikisha siku 15. Mitungi miwili kwa mwezi ni shilingi 48,000. Gesi ilikuwa nafuu kwa shilingi 12,000, lakini yeye alikuwa anatumia iliyo ghali zaidi. Sababu ni kwamba mkaa unauzwa kwa kopo na gesi inauzwa kwa mtungi. Shilingi 2,000 anayo kila siku, shilingi 24,000 kwa mkupuo hana.

Hapo tukaongeza hesabu ya hospitali. Mara ya mwisho mtoto alipolazwa, mama hakukaanga vitumbua siku nne. Alilipa bodaboda usiku, akanunua dawa na chakula cha wodini. Sitataja jumla yake, lakini ilizidi bei ya kujaza mtungi mara mbili. Gharama hiyo haiandikwi popote kwenye bei ya kopo la mkaa.

Nisieleweke vibaya. Siwezi kukuahidi kwamba ukinunua gesi mtoto hataugua tena nimonia. Chanjo, kunyonya, lishe bora na kutolala wengi kwenye chumba kisichopitisha hewa vyote vina nafasi yake. Ninachosema ni kwamba moshi ni mojawapo ya sababu ambazo mzazi anaweza kuzipunguza, na mara nyingine bila kuongeza senti.

Fanya hesabu yako

Usiibebe hesabu ya mama huyu kama ilivyo, kwa sababu bei zinatofautiana. Mkoani ambako gunia la mkaa ni rahisi, jibu linaweza kuwa tofauti. Kwa mwezi mmoja, andika kwenye daftari kila shilingi inayotoka kwa ajili ya mkaa, kuni, mafuta ya taa, gesi na LUKU. Ukinunua gesi, andika tarehe uliyoifunga na tarehe iliyoisha. Mwisho wa mwezi utajua unachotumia, badala ya kukisia.

Ukiamua kuhamia gesi, anza kuweka akiba siku ileile unapofunga mtungi mpya. Mtungi wa shilingi 24,000 unaodumu siku 15 unahitaji shilingi 1,600 kwa siku kwenye kibubu au kwenye simu. Ni pungufu ya shilingi 2,000 za mkaa. Katika baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam zipo pia kampuni zinazofunga mita kwenye mtungi, ukawa unalipia kidogo kidogo kama LUKU. Uliza kwanza bei ya kilo moja kwa mfumo huo, uilinganishe na ya mtungi wa kawaida.

Umeme ni ghali kweli?

Wengi huogopa kupika kwa umeme. Hofu hiyo ina ukweli kwa jiko la koili. Jiko la wati 1,000 likichemsha maharage saa mbili mfululizo hula uniti mbili. Lakini sufuria ya presha ya umeme, ambayo wengi huiita presha kuka, huhifadhi joto na kujizima yenyewe. Kama imevuta umeme kwa jumla ya nusu saa tu, kwa wati 1,000 hizohizo, imetumia nusu uniti. Ukipika hivyo kila siku ni uniti 15 kwa mwezi. Loweka maharage usiku kucha, muda utapungua zaidi.

Angalia kwanza uko daraja gani. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na makato, na uniti zinazozidi hapo ni shilingi 350. Mteja wa kawaida hulipa shilingi 292. Kwa mteja wa kawaida, uniti zile 15 hazifiki shilingi 6,000 hata ukijumlisha kodi. Lakini kama uko daraja dogo na tayari unatumia uniti 70, uniti 15 za ziada zitakuvusha mpaka. Uniti 75 kwa mwezi ni wastani wa uniti mbili na nusu kwa siku, hivyo soma mita yako jioni kwa wiki moja uone ulipo.

Kwa wapangaji wanaochangia mita moja, zungumzeni kwanza na mwenye nyumba pamoja na wenzenu, ama mfunge mita ndogo ya kila chumba. Presha kuka ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani iliyo nzima. Isichomekwe kwenye ekstensheni yenye friji na pasi.

Nami nina kosa la kukiri. Mwaka jana uniti zilikuwa zinaisha haraka nyumbani kwangu nikailaumu mita. Kumbe mpira wa mlango wa friji ulikuwa umechoka, na hita ya maji ilikuwa inawaka kutwa. Kupasha lita 30 za maji kutoka nyuzi 25 hadi 60 hutumia takriban uniti 1.2, na mimi nilikuwa nayapasha, yanapoa, nayapasha tena. Kabla hujahama kutoka nishati moja kwenda nyingine, ziba kwanza tundu linalovuja.

Kubadili kampuni ya gesi

Umeme wa gridi tunauziwa na TANESCO, hivyo hapo hakuna cha kuchagua. Kwenye gesi kampuni ni nyingi, na unaweza kuhama. Lakini kabla ya kuhama kwa sababu gesi “inaisha haraka”, pima. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe. Mtungi wa kilo 6 wenye uzito mtupu wa kilo 7.5 unapaswa kusoma kilo 13.5 kwenye mzani. Muombe muuzaji aupime mbele yako. Akikataa, badili muuzaji kabla ya kubadili kampuni.

Uliza pia kama atapokea mtungi wako wa zamani au utalazimika kununua mpya, na kama regulata yako itaingia kwenye mtungi wa kampuni hiyo. Punguzo la shilingi 1,000 halina maana ukidaiwa mtungi na regulata mpya.

Nilimwambia mama wa vitumbua autoe mtungi uvunguni. Hata ukionekana umeisha, hubakiwa na gesi kidogo. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini, pale pale mtoto anapotambaa. Mtungi usimame wima, mahali penye hewa, mbali na chumba cha kulala. Kagua mpira na maungio kwa povu la sabuni, kamwe usikague kwa kiberiti. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi yoyote, tokeni nje.

Kwa wenye wagonjwa nyumbani

Kuna umeme ambao haupaswi kubanwa. Mashine ya oksijeni ya lita 5 huvuta wati 300 au zaidi, maana yake ikifanya kazi saa 24 hula uniti saba na kuendelea. Familia nyingi huizima kimyakimya kuokoa LUKU. Usifanye hivyo bila kumwambia daktari, kwa kuwa kuna wagonjwa wanaohitaji saa zote na wengine saa chache. Mweleze hali yako ya fedha mpange pamoja. Kwa wanaotumia insulini, umeme ukikatika chombo cha udongo chenye unyevu, kikiwekwa kivulini, husaidia kuipoza. Usiiweke kwenye friza, ikiganda imeharibika.

Ukiwa bado huwezi kuacha mkaa

Pikia nje au pembeni mwa dirisha lililo wazi. Washia jiko nje, na usiwashe kwa mifuko ya plastiki. Tumia jiko banifu na kuni kavu. Funika sufuria. Zaidi ya yote, mtoto asikae mgongoni wala miguuni wakati unapika.

Jifunze pia kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya kumpeleka kituo cha afya siku hiyohiyo. Mbavu zikizama, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au kupata degedege, usisubiri asubuhi.

Mama wa Mbagala alirudi kliniki baada ya miezi mitatu. Vitumbua bado anakaanga kwa mkaa, kwa sababu kikaango chake ni kikubwa na mtaji ni mdogo. Lakini jiko liko nje sasa, na alfajiri mtoto hubaki na bibi yake, waliyekubaliana aje kuishi nao. Chakula cha nyumbani anapikia gesi, na kwenye simu anaweka shilingi 1,600 kila siku. Siku mbili za wiki iliyopita alishindwa kuweka, akanionyesha kwa aibu kidogo. Nikamwambia asione aibu, aendelee leo. Kisha nikaweka kipimo kifuani mwa mtoto. Mapafu yalikuwa safi.