Je, Wajua? Mtoto Anayepepesa Macho na Chanzo Kinachotafutwa Kariakoo Nzima

Mtoto akianza kupepesa macho bila sababu, kupandisha bega, kunusanusa au kuguna kila baada ya muda mfupi, mama yake hahitaji kwenda mbali kuambiwa chanzo. Kati ya Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Msimbazi atapewa majibu manne kabla hajamaliza kununua vitunguu: ni minyoo, ni kimeo, ni jicho la mtu, au mtoto amedekezwa, mchape ataacha. Kila jibu lina dawa yake, na kila dawa ina bei yake. Duka la dawa litamuuzia vidonge vya minyoo, muuza mizizi atamfungia unga kwenye gazeti, shehe atamwandikia kombe, mchungaji atamwekea mikono. Mwezi unapita, macho bado yanapepesa, na sasa mtoto amekuwa mwoga pia, maana kila mtu mzima anayekutana naye anamkazia macho usoni. Yafuatayo ni kwa ajili ya mzazi aliye katikati ya hekaheka hiyo.

Je, wajua kwamba jambo lenyewe ni la kawaida mno?

Madaktari huliita tiki: mjongeo au sauti fupi inayojirudia vilevile, ambayo mtoto hakuikusudia. Kwa kawaida huanza kati ya miaka 4 na 6, hupamba moto kati ya miaka 10 na 12, kisha kwa wengi hupungua kadiri wanavyoelekea utu uzima. Uchunguzi wa nchi mbalimbali unaonyesha kuwa hadi mtoto mmoja kati ya watano wa umri wa shule hupitia tiki kwa kipindi fulani, na nyingi huisha zenyewe kabla mwaka haujakwisha. Wavulana hupatwa zaidi, mara tatu hadi nne ya wasichana. Darasa la watoto 60 katika shule yoyote ya Ilala linaweza kabisa kuwa na kadhaa waliowahi kupitia hali hiyo bila mtu kuipa jina.

Tiki zikidumu zaidi ya mwaka mmoja, zikiwa za mwili za namna mbalimbali na angalau moja ya sauti, hupewa jina la Tourette. Georges Gilles de la Tourette alikuwa daktari wa Paris aliyeandika habari za wagonjwa tisa mwaka 1885. Watu wengi wamesikia kuwa mwenye ugonjwa huu hutukana ovyo. Ukweli ni kwamba matusi hutokea kwa wachache tu. Wengi hawatukani kamwe.

Je, wajua kwamba hata madaktari wa Ulaya na Marekani waliwahi kuwalaumu wazazi?

Kwa miongo mingi ya karne iliyopita, wataalamu wakubwa walifundisha kuwa tiki ni matokeo ya malezi: mama mkali mno, baba baridi, hasira iliyofungiwa ndani ya mtoto. Familia zilikaa miaka zikihojiwa kuhusu maisha yao ya nyumbani huku mtoto akiendelea kupandisha mabega. Mambo yaligeuka katika miaka ya 1960, pale dawa ya haloperidoli ilipoonekana kuzipunguza tiki. Mwaka 1968 Arthur na Elaine Shapiro wa Marekani walichapisha hoja kwamba chanzo kimo katika utendaji wa ubongo. Leo inafahamika kuwa tiki hurithiwa katika ukoo kupitia vinasaba vingi kwa pamoja, ndiyo maana mjomba akiulizwa vizuri hukumbuka kuwa naye alikuwa akikunja shingo utotoni.

Nalisema hili kwa sababu mama wengi wa hapa jijini hubeba lawama ambayo sayansi iliitua zamani. Hukumdekeza mpaka akawa hivi. Hukukosea wakati wa mimba. Na jirani mwenye jicho baya hahusiki.

Je, wajua kwa nini kila dawa huonekana kufanya kazi?

Hiki ndicho kipengele ambacho ningependa kila mzazi akisome mara mbili. Tiki zina tabia ya kupanda na kushuka. Wiki hii zimejaa uso mzima, wiki ijayo zimepungua, baada ya mwezi zimehama kutoka machoni kwenda begani. Mzazi hatafuti msaada zikiwa chini; huhangaika zikiwa kileleni. Kwa hiyo chochote alichopewa mtoto siku ile, kiwe vidonge vya minyoo, kombe, mizizi ya kuchemsha au hata dawa ya hospitali, kitafuatwa na nafuu, kwa kuwa baada ya kilele huja mteremko. Sifa humwendea aliyetoa dawa ya mwisho. Zikirudi, tunasema mtoto amerogwa upya, na safari inaanza tena, na akiba ya biashara inazidi kuliwa.

Ndiyo sababu watafiti hawakubali dawa ya tiki mpaka wailinganishe na kundi jingine la watoto ambao hawakuipata. Mzazi hana kundi la kulinganisha, lakini ana daftari. Kuandika kwa miezi miwili siku zilizokuwa mbaya na zilizokuwa nzuri, pamoja na usingizi, homa, mitihani na dawa alizotumia, kutamwonyesha mengi ambayo kumbukumbu huyachanganya.

Je, wajua kwamba koo linaloguna limewapeleka watoto kwenye wembe?

Kuguna, kusafisha koo na kikohozi kikavu ni miongoni mwa tiki za kawaida za sauti. Hapa Dar es Salaam kikohozi kisichoisha mara nyingi hupewa jina moja tu, kimeo, na tiba yake ni kukikata. Kimeo ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa. Kila binadamu anacho, wala hakisababishi kikohozi sugu. Madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili wamewapokea katika idara ya dharura watoto waliokatwa vimeo mitaani, wengine wakivuja damu, wengine wakiwa na maambukizi makali, na wengine walifariki. Madaktari hao wameyaandika haya katika majarida ya kitabibu.

Kuna dalili moja ambayo mzazi anaweza kuiangalia usiku bila gharama. Kikohozi cha kifua, cha pumu au cha kifua kikuu huendelea hata mtoto akiwa amelala, na mara nyingi humwamsha. Kikohozi cha tiki hunyamaza usingizini. Mwangalie saa mbili baada ya kulala, kisha umweleze daktari ulichokiona. Wembe usiukaribishe kwa hali yoyote.

Je, wajua kwamba maumivu ya koo yanaweza kuonekana mikononi miezi kadhaa baadaye?

Kuna chanzo kimoja ambacho hakitakiwi kupitwa, na kwa Tanzania kina uzito kuliko vingi vinavyosomwa mitandaoni. Mtoto anaumwa koo kwa bakteria aitwaye streptokoka, anapona, mambo yanasahaulika. Baada ya wiki au miezi, kinga ya mwili iliyomshambulia bakteria yule inageuka na kushambulia viungo vya mtoto mwenyewe: maungio, moyo, na wakati mwingine ubongo. Mtoto anaanza kuangusha vikombe. Mwandiko uliokuwa mzuri unaharibika. Mikono na uso vinajipindapinda bila mpangilio, ulimi hautulii, na tabia nayo inabadilika: analia ovyo, ana wasiwasi, anakasirika kwa jambo dogo. Daktari Mwingereza Thomas Sydenham aliieleza hali hii mwaka 1686, na bado inabeba jina lake: korea ya Sydenham. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, wasichana wakizidi wavulana.

Tofauti yake na tiki si ngumu kuiona. Tiki hujirudia ileile, leo jicho na kesho jicho. Korea hutiririka, haitabiriki, na humnyima mtoto uwezo wa kushika kalamu au kufunga vifungo vya shati.

Mijongeo yenyewe kwa kawaida huisha baada ya miezi. Hatari iko moyoni, maana homa ya baridi yabisi, ambayo ndiyo chanzo cha korea hii, huharibu vali za moyo kimyakimya, na mtoto akiachwa bila kinga, kila maambukizi mapya ya koo huongeza uharibifu. Kinga yake ni sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka. Ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 ndani ya eneo la Muhimbili pale Upanga, hupokea watoto na vijana ambao vali zao zimeharibika kwa njia hii. Kutoka Kariakoo hadi pale mtu anaweza kwenda kwa miguu. Mtoto anayeangusha vyombo asiitwe mzembe kabla moyo wake haujasikilizwa.

Je, wajua kuhusu mjadala wa PANDAS?

Mwaka 1998 Susan Swedo na wenzake wa Marekani walieleza habari za watoto 50 ambao tiki au mawazo ya kujirudia yalizuka au kuongezeka ghafla baada ya maambukizi ya streptokoka. Hali hiyo ikapewa jina la PANDAS. Tangu wakati huo wazazi wengi duniani wameshikilia kuwa tiki za watoto wao zinatokana na koo, na madaktari bado wanabishana ni watoto wangapi kweli wanahusika. Ugumu ni huu: watoto wengi wazima hubeba bakteria huyo kooni bila kuumwa, hivyo kipimo kikimkuta hakithibitishi kuwa yeye ndiye chanzo. Neno la kulishika hapo ni ghafla. Mtoto aliyekuwa mzima Jumatatu na kufikia Jumatano anaogopa kula, hatengani na mama yake na mwili unamchezacheza, huyo ana haki ya kuonwa na daktari haraka. Mtoto ambaye tiki zimekuja polepole kwa miezi hahitaji kunyweshwa antibiotiki kila mwezi kwa kubahatisha.

Je, wajua kwamba shingo iliyopinda ghafla huenda ikawa dawa ya kutapika?

Metoklopramidi, dawa inayotumika sana kuzuia kutapika, inaweza kumfanya mtoto apindishe shingo, atoe ulimi na macho yapande juu yakabaki huko. Haloperidoli nayo hufanya hivyo. Anayeona kwa mara ya kwanza huogopa sana, na ni rahisi kusema jini limepanda. Hospitalini huchomwa sindano ya kuondoa hali hiyo, na mara nyingi ndani ya nusu saa mtoto yuko sawa. Mkiona hivyo, chukueni pakiti za dawa zote alizomeza na mwende nazo.

Je, wajua kwamba Tanganyika iliwahi kutafuta chanzo kama hiki kwa kijiji kizima?

Tarehe 30 Januari 1962, haijafika miezi miwili tangu Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Ilipofika Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa na vipindi vya kucheka, kulia na kuhangaika, na tarehe 18 shule ikafungwa. Wasichana walirudi makwao, na hali ikahamia vijijini. Nshamba peke yake watu 217 walipatwa. Madaktari Rankin na Philip walipima damu, maji ya uti wa mgongo na chakula. Hawakukuta sumu wala maambukizi. Walichapisha taarifa yao mwaka 1963.

Ulimwengu umekuwa ukiisimulia Kashasha kama kichekesho. Mimi naisoma kama habari ya watoto waliokuwa mbali na nyumbani, chini ya nidhamu ngumu, ambao hofu yao ilipata njia ya kutokea kupitia mwili. Hawakuwa wanaigiza. Wakati wa janga la UVIKO-19, kliniki za Ulaya na Amerika ya Kaskazini zilipokea wasichana wengi wa umri wa balehe waliozukiwa ghafla na mijongeo mikubwa na maneno ya kupayuka, wengi wao wakiwa wametazama video za watu wenye tiki. Nao pia waliteseka kweli, na walihitaji tiba ya hofu kuliko dawa za tiki.

Je, wajua kwamba kiboko huikoleza tiki?

Mtoto anaweza kuizuia tiki kwa muda, kama mtu anavyozuia chafya, lakini msukumo hujikusanya ndani. Wengi hujizuia darasani kutwa nzima, wakifika nyumbani zinafumuka. Hapo wazazi hugombana: mwalimu anasema haoni kitu, baba anasema mtoto anajifanya, mama ndiye anayeshuhudia. Wote watatu wanasema walichokiona.

Uchovu, woga na kutajwatajwa huziongeza. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya watoto wa Tanzania, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa kwa namna ya kuumiza kabla ya kutimiza miaka 18. Kumchapa anayeguna darasani ni kumwongezea kilekile kinachomfanya agune.

Kipo kinachosaidia. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, wenye watoto 126, uliwafundisha baadhi yao kutambua msukumo unapokuja na kufanya kitendo kinachoupinga, mathalani kubana kiwiko mbavuni wakati bega linataka kupanda. Zaidi ya nusu walipata nafuu kubwa. Katika kundi la kulinganisha hawakufika mmoja kati ya watano. Haihitaji mashine, inahitaji mtu aliyefunzwa na mzazi mvumilivu. Na tiki hazimzuii mtu kufika mbali: Tim Howard, aliyekuwa golikipa wa Everton na Marekani, ameishi na Tourette tangu utotoni, na katika Kombe la Dunia la mwaka 2014 aliokoa mashuti mengi dhidi ya Ubelgiji kiasi cha kuingia kwenye kumbukumbu za mashindano hayo.

Mzazi mwenzangu, mrekodi mtoto kwa simu bila kumwambia, nenda na video hiyo kliniki ya watoto, na uulize mambo matatu: je, moyo wake umesikilizwa, je, inaweza kuwa kifafa cha kukodoa macho, je, kuna dawa aliyotumia inayoleta hali hii? Moyo ukiwa umesikilizwa na ni mzima, na majibu mengine mawili yakiwa hapana, mweleze mwalimu wa darasa ana kwa ana, mwambie mtoto kwamba hana kosa, na nyumbani acheni kumhesabia macho.