Uvumi wa Ebola ulivyofika mpakani

Agosti 1, 2019, waliozoea kuvuka kati ya Goma na Gisenyi walikuta Rwanda imefunga mpaka kwa sababu ya Ebola. Ulifunguliwa siku hiyohiyo, lakini kwa mwenye matenga ya nyanya, saa chache ni hasara.

Ugonjwa huo ulikuwa umeitesa Beni na Butembo karibu mwaka mzima, na uvumi uliusaidia. Watu walisema Ebola haipo, ni biashara ya wakubwa. Katika utafiti wa Septemba 2018 uliohoji watu wazima 961 wa miji hiyo miwili, robo hawakuamini kwamba ugonjwa upo. Waliowaamini viongozi wa eneo lao hawakufika theluthi.

Waliopo mbali waliita huo ujinga. Mimi sikubali. Raia wa Beni walikuwa wakichinjwa tangu Oktoba 2014, huku jeshi na walinda amani wapo. Ebola ilipoingia, ndipo yakamiminika magari mapya na fedha za wafadhili. Nani asingejiuliza kwa nini sasa? Kisha Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi ikaahirisha kura za Beni na Butembo hadi Machi, ikitaja Ebola na usalama, wakati masoko na makanisa yakiendelea kujaa watu. Rais akaapishwa Januari bila kura zao.

Wanasaikolojia Jennifer Whitson na Adam Galinsky walionyesha mwaka 2008 kwamba mtu akifanywa ajione hana uwezo juu ya mambo yake, huanza kuona picha kwenye vidoa visivyo na picha, na njama kwenye mambo yaliyotokea kwa bahati tu. Beni hawakuhitaji maabara kuhisi hivyo.

Mfanyabiashara anayekagua kila noti anajua shaka ni kinga. Ila hii iliua. Wagonjwa walifichwa majumbani, na Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Hadi mlipuko unatangazwa kwisha Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikuwa wamekufa.

Matangazo ya redio peke yake hayakutosha kuwatuliza watu. Beni vililetwa vyumba vya plastiki angavu, ndugu wakasimama nje, wakamwona mgonjwa wao akihudumiwa na kuzungumza naye.