Ua la vilima vya Mombasa kwenye dirisha la Perry Barr

Bamia, pamba na choya ni ndugu wa ukoo mmoja, na wataalamu walipoupanga upya ukoo huo mwishoni mwa karne iliyopita waliingiza humo mbuyu na msufi pia. Yumo vilevile ndugu asiyejulikana sana hata kwao: kichaka cha hibiskasi kiitwacho kitaalamu Hibiscus schizopetalus, mwenyeji wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Ua lake huning'inia kwenye kikonyo kirefu chembamba, petali nyekundu zimechanika kama pindo za leso kuukuu na kujikunja kuelekea juu, huku mhimili wenye chavua ukishuka chini, mbali na petali zenyewe. John Kirk, aliyeiwakilisha Uingereza Zanzibar, aliukuta mmea huu vilimani karibu na Mombasa na kuupeleka bustani ya Kew. Kwanza ulidhaniwa kuwa ni aina tu ya hibiskasi ya China. Mwaka 1880 Joseph Hooker akautangaza kuwa spishi kamili, na tangu hapo umeenea katika bustani za nchi za joto duniani kote na, kwenye nchi za baridi, katika vyungu vya ndani.

Kuenea huko ndiko kunakowafanya watu waamini kwamba mmea huu uko salama, hata misitu yetu ikiisha. Imani hiyo tuipime Perry Barr, kaskazini mwa Birmingham, mtaa ambao wapenzi wa riadha wanaukumbuka kwa dhahabu ya Ferdinand Omanyala ya mita 100 mwaka 2022. Nje, baridi inayokuja kiangazi kikiisha ingekiua kichaka hiki. Katikati ya Desemba mchana hautimizi hata saa nane. Ndani, karibu na dirisha lenye mwanga, kinaweza kuishi na hata kuchanua, lakini kuishi si kuzaliana. Chavua ya hibiskasi ni nzito na ina miiba. Haipeperushwi na upepo, hubebwa na viumbe wanaofuata asali ya ua, na sebuleni viumbe hao hawamo. Ua hukaa siku moja au mbili, kisha huanguka bila mbegu. Mwenye bustani hajali sana, kwa sababu hukata kijiti, akakichomeka kwenye udongo wenye unyevu, akapata mche mwingine. Ila mche huo ni nakala ya mama yake. Vyungu elfu vinaweza kuwa mmea mmoja uliokatwakatwa, na ugonjwa unaoua kimoja ukaviua vyote.

Yuko atakayesema kwamba mtu anaweza kuhamisha chavua kwa brashi. Anaweza, lakini kutoka mmea upi kwenda upi? Jirani aliye karibu mara nyingi ni hibiskasi ya kawaida ya uani, na hao wawili huchanganyika kwa urahisi. Chotara wao wamejaa bustanini, na wengine wanapendeza kuliko wazazi, jambo ambalo silipingi. Hoja nzito zaidi ni ya mkulima wa Kwale au Kilifi: yeye anahitaji shamba, ua halilishi mtoto. Ni kweli, na anayetetea msitu kwa ajili ya kichaka kimoja atashindwa mjadala mapema. Lakini msitu hauhifadhi kichaka peke yake. Chemchemi za Marere katika vilima vya Shimba hupeleka maji Mombasa, na zinategemea miti iliyo juu yake. Na kama siku moja tutataka kuurudisha mmea huu mahali ulipofyekwa, mbegu za kutumia ni za misituni, kutoka vichaka vingi visivyofanana. Chungu cha Perry Barr kwa kawaida hakina kumbukumbu ya kilima kilikotoka, wala ya chotara aliyeingia njiani.