Jino la kupandikiza: mfupa hulishika, ufizi je?

Mfanyabiashara wa Arusha anayepandikizwa jino Nairobi huuliza bei, kisha kama skrubu itashika mfupani. Hilo lilijibiwa zamani: Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi aliona mwaka 1952 titani ikigandana na mfupa wa sungura, na mwaka 1965 akampandikiza mgonjwa wa kwanza.

Kazi iko kwenye ufizi. Jino la asili hufungwa na nyuzi zinazozama ndani ya mzizi wake. Kwenye titani nyuzi hizo hazina pa kuzama. Hulala sambamba na chuma, zikikizunguka kama mkanda. Seli za juu za ufizi hujishikiza, ila kizuizi chote ni dhaifu zaidi. Bakteria wakikusanyika hapo, uvimbe hushuka na kuanza kula mfupa. Ndiyo maana sehemu inayopita ufizini husuguliwa iwe laini, uchafu ukose pa kung'ang'ania.

Basi piga mswaki hapo kila siku, na sigara uiache. Kabla ya kuvuka mpaka, dai kadi yenye aina na ukubwa wa kipandikizi: vifaa vya kampuni moja aghalabu haviingiliani na vya nyingine, na daktari wa ng'ambo hataki kubahatisha kinywani mwako.