Viuadudu na Yai Linaloatamiwa

Mikorosho ya Pundanhar, wilayani Palma, kama ile ya Mtwara ng'ambo ya mto Ruvuma, huchanua wakati wa kiangazi, na hapo ndipo mkulima mwenye bomba hupulizia dawa dhidi ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi na maua mpaka yakakauka. Kanga na kwale, ambao aghalabu hutaga wakati wa mvua, huepukana na dawa hiyo, ilhali njiwa, ambao hutaga karibu mwaka mzima, huweza kuwa wanaatamia kwenye matawi yale yale yanayopuliziwa.

Ganda la yai, japo ni gumu, lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, ambavyo kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kuumbika, hupata hewa kwavyo, na dawa iliyoliangukia hupenya humo humo. Majaribio ya mayai ya bata yaliyofanywa Marekani yalionyesha kuwa dawa iliyochanganywa na mafuta hudhuru kuliko iliyochanganywa na maji. Viuadudu vya jamii ya oganofosfati huzuia vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha shughuli za mwili, na kwa kutegemea kimeng'enya kilichozuiwa, kifaranga huumbika na shingo fupi iliyopinda, au na miguu mifupi na mdomo mithili ya wa kasuku.

Kiuadudu cha DDT, kwa upande wake, hupitia kwa ndege mama. Mwilini mwake hugeuka kuwa DDE, kemikali inayokaa kwenye mafuta kwa miaka na kupunguza kalisi inayofika kwenye tezi inayotengeneza ganda, hata yai likavunjika kwa uzito wa ndege anayeliatamia. Derek Ratcliffe wa Uingereza alilibaini jambo hilo mwaka 1967 kwa kulinganisha maganda mapya na ya zamani yaliyohifadhiwa na wakusanyaji mayai, ambao kwa mara hiyo moja uharibifu wao ulikuwa na faida. Kwenye ziwa Kariba, upande wa Zimbabwe, ambako DDT ilipuliziwa dhidi ya mbung'o, furukombe, yaani tai mla samaki, walikutwa wakitaga mayai yenye maganda membamba. Mkataba wa Stockholm wa 2001 umeizuia dawa hiyo mashambani, ingawa bado unairuhusu kwa kudhibiti mbu wa malaria.

Kuku na jamaa zake hawaathiriki sana na DDE, kwa hiyo ganda nene la yai la kuku wa kienyeji halithibitishi kwamba furukombe wa Ruvuma wamesalimika.